Kizazi cha Kwanza Hakikufika Dar es Salaam

Kila mwanafunzi anayejiunga na darasa langu la jioni hapa Magomeni hunakili jedwali moja katika juma la kwanza, nalo ni lilelile nililolinakili mimi nikiwa kidato cha tatu. Upande wa kushoto kuna vizazi vitano vya kompyuta, katikati kuna miaka, na upande wa kulia kuna kitu kinachokitambulisha kila kizazi: valvu kuanzia 1946, transista kuanzia 1959, saketi jumuishi kuanzia 1965, mikroprosesa kuanzia 1971, na akili mnemba kuanzia 1980 hadi leo. Miaka hutofautiana kidogo kutoka kitabu hadi kitabu, lakini mpangilio haubadiliki, na swali la mtihani halibadiliki pia: taja vizazi vitano vya kompyuta na sifa mbili za kila kimoja.

Mwezi uliopita binti mmoja, ambaye mchana anafanya kazi kwenye steshenari ya Manzese akichapa barua za maombi ya kazi na kutoa kopi, alisimama na daftari mkononi akaniuliza, "Samahani Mwalimu, hicho kizazi cha kwanza kilifika lini hapa Dar?" Darasa zima lilinyamaza likisubiri tarehe. Nilimwomba anipe muda, kwa kuwa nilitambua palepale kwamba kwa miaka mingi nimelifundisha jedwali hili kana kwamba vizazi hivyo vilipita kila mahali kwa zamu, kama masika na vuli. Jibu nililompa baadaye ni kwamba kizazi cha kwanza hakikufika kabisa. Naliandika hapa kwa urefu kwa sababu naamini kwamba mtu akielewa kwa nini hakikufika, jedwali zima litamkaa kichwani bila kulikariri.

Kwanza ni lazima tujue ni kitu gani hasa kinachobadilika kizazi kinapobadilika, jambo ambalo jedwali halilielezi. Kinachobadilika ni swichi. Kompyuta, iwe kubwa kama ukumbi wa harusi au ndogo ya kutia mfukoni, ni mkusanyiko wa swichi nyingi zinazowashana na kuzimana zenyewe, na kila swichi ina hali mbili tu, imewaka au imezimika, ambazo kwa maandishi tunaziita moja na sifuri. Nilipokuwa natafuta namna ya kulionyesha jambo hili kwa watu waliochoka na kazi za mchana, niliazima bao la mjomba wangu nikaliweka juu ya meza. Bao la Kiswahili lina mistari minne, na kila mstari una mashimo manane. Chukua mstari mmoja, utie kete moja ya komwe katika shimo au uliache tupu, kisha mkubaliane kwamba shimo la kulia kabisa lina thamani ya 1, linalofuata 2, kisha 4, 8, 16, 32 na 64, na la kushoto kabisa 128. Kete iliyo katika shimo la 64 pamoja na ile iliyo katika shimo la 1 zinasomeka 65, na 65 ndiyo namba inayowakilisha herufi kubwa A katika kompyuta zetu. Mashimo yote manane yakiwa na kete moja moja, unapata 255. Mstari mmoja wa bao, kwa hiyo, ni baiti moja kamili, na wazee wanaocheza barazani kila alasiri wana baiti nne mbele yao.

Kwa kipimo hicho, historia ya vizazi vya kompyuta ni historia ya kutafuta mashimo na kete zinazoweza kujihamisha zenyewe, kwa kasi kubwa zaidi, kwa joto dogo zaidi na kwa bei nafuu zaidi.

Kabla ya umeme watu walijaribu magurudumu. Blaise Pascal alitengeneza mashine ya kujumlisha huko Ufaransa mwaka 1642, na katika miaka ya 1830 Mwingereza Charles Babbage alichora mashine kubwa ambayo ingepokea maagizo kwa kadi zenye matundu, mfano wa zile zilizokuwa zikiongoza mitambo ya kufuma hariri. Sehemu ya kuhifadhia namba aliiita ghala, na sehemu ya kuzikokotoa aliiita kinu, na kwangu mimi hayo ndiyo majina mazuri kuliko yote yaliyowahi kupewa viungo vya kompyuta, kwa kuwa mtoto yeyote wa Kiswahili anajua nini kinatoka ghalani na nini kinafanyika kinuni. Mwaka 1843 Ada Lovelace aliandika hatua kwa hatua namna mashine hiyo ingeweza kukokotoa namba za Bernoulli, mfuatano mmoja wa namba unaotumika katika hisabati. Mashine yenyewe haikukamilika. Kadi zenye matundu ndizo zilizoendelea na maisha: Herman Hollerith alizitumia katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, na kampuni aliyoianzisha ni mojawapo ya zile zilizoungana na hatimaye, mwaka 1924, zikachukua jina la IBM.

Katika miaka yote hiyo neno la Kiingereza ambalo sisi tumelipokea kama kompyuta lilikuwa jina la mtu. Alikuwa ni mhasabu, mara nyingi mwanamke, aliyelipwa kukaa mezani na kukokotoa kutwa nzima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani liliajiri wanawake wengi wa aina hii huko Philadelphia, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakokotoe majedwali ya kulengea mizinga. Mhasabu mmoja mwenye kikokotoo cha mezani alihitaji saa 20 hivi kupata njia ya kombora moja angani, na jedwali moja lilikuwa na maelfu ya njia za namna hiyo. Uchovu huo ndio uliozaa ENIAC, mashine iliyobuniwa na John Mauchly na J. Presper Eckert na kuonyeshwa hadharani Februari 1946. Ilikuwa na valvu zipatazo 18,000 na uzito wa tani 30 hivi, na ilikula umeme wa kilowati 150, sawa na pasi 150 za umeme zilizowashwa kwa pamoja. Iliweza kufanya majumlisho 5,000 kwa sekunde, na ile njia ya kombora iliyomchosha mhasabu kwa saa 20 iliikokotoa kwa muda wa nusu dakika.

Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu vitabu vyetu hutaja valvu na kuwasahau watu. ENIAC haikuwa na programu ya kupakia. Kila kazi mpya ilihitaji kuchomeka nyaya upya na kugeuza swichi za mkono ubavuni mwa mashine, kazi iliyoweza kuchukua siku kadhaa, na waliokabidhiwa kazi hiyo walikuwa wanawake sita waliotoka kwenye meza za wahasabu: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuiona mashine, kwa kuwa walikuwa bado hawajapewa kibali cha usalama, hivyo wakajifunza kuiendesha kwa kusoma michoro yake tu, wakifuata njia ya kila waya kwenye karatasi. Mashine ilipoonyeshwa kwa waandishi wa habari, kazi yao ilionekana na majina yao hayakutajwa. Binti wa Manzese aliniomba niyarudie majina hayo polepole, akayaandika yote sita.

Jedwali letu, nikiongeza neno, linaanzia 1946 kana kwamba hakukuwa na kitu kabla. Konrad Zuse alikuwa tayari ameiwasha Z3 mjini Berlin mwaka 1941, kwa swichi za sumaku-umeme zinazolia kwa kugonga, na Waingereza walikuwa na Colossus ya Tommy Flowers, iliyotumia valvu kufungua siri za Wajerumani kuanzia 1944, ambayo habari zake zilifichwa hadi miaka ya 1970.

Valvu mimi nazijua kwa mikono. Marehemu baba yangu alikuwa fundi redio hapahapa Magomeni, na katika miaka ya 1980 bado walikuwapo wazee walioleta redio zao za valvu, makabati ya mbao yenye kitambaa mbele. Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, yenye uzi unaopashwa moto ndani yake. Uzi ukishapata moto, umeme unaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila waya, na kiwambo kidogo kilichowekwa katikati kinaweza kuuzuia au kuuruhusu. Hiyo ndiyo swichi. Ukiifungua redio hiyo husikii kitu kwanza. Unaona rangi ya chungwa ikipanda taratibu ndani ya chupa, unasikia harufu ya vumbi linaloungua, na baada ya nusu dakika hivi sauti inaibuka kutoka mbali. Baba alikuwa akinionya nisiguse chupa kwa vidole vitupu, nami niligusa mara moja, na alama ninayo hadi leo. Kila mara ninaposoma kwamba ENIAC ilikuwa na valvu 18,000 ndani ya chumba kimoja, ninalisikia joto hilo. Na kwa kuwa kila valvu ilikuwa na uzi unaoweza kukatika, wahandisi waliona bahati kubwa kufika mahali ambapo iliungua moja tu kila baada ya siku mbili hivi.

Kwa maoni yangu, jambo kubwa kuliko yote katika kizazi hicho halikutokea Philadelphia. Lilitokea Manchester, Uingereza, tarehe 21 Juni 1948, kwenye mashine ndogo ya majaribio iliyojengwa na Freddie Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill, ambayo kwa mara ya kwanza ilitekeleza programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe. Kumbukumbu hiyo ilikuwa nukta za umeme juu ya kioo cha aina ya zile runinga zetu za chogo, mistari 32 yenye nafasi 32 kila mmoja. Bao zima, mistari yote minne, lina mashimo 32. Mabao 32 yakipangwa barazani, kila shimo likiwa na kete moja au likiwa tupu, yangetosha kuandika kila kitu kilichokuwa ndani ya mashine ile. Programu ya kwanza ilikuwa na maagizo 17, na iliitaka mashine itafute namba kubwa kuliko zote inayoigawa 262,144 bila baki, ukiacha namba yenyewe, kwa kujaribu moja baada ya nyingine kutoka juu. Mwanafunzi wa darasa la saba angeigawa kwa mbili akamaliza. Mashine ilihangaika kwa dakika 52, ikapiga hatua zipatazo milioni tatu na nusu, ikatoa 131,072, na jibu lilikuwa sahihi. Kuanzia siku hiyo, kubadilisha kazi ya kompyuta hakukuhitaji tena kuchomeka nyaya: maagizo yalikaa ghalani pamoja na namba.

Transista ilikuwa imekwisha kuzaliwa wakati huo. John Bardeen na Walter Brattain waliionyesha Desemba 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, ndani ya kundi lililoongozwa na William Shockley, na wote watatu walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Inafanya kazi ileile ya valvu, kuuzuia au kuuruhusu umeme, ila ndani ya kipande kigumu cha madini, bila kioo, bila uzi wa moto, bila kusubiri. Baba alikuwa akisema kwamba redio transista ilipoenea kazi yake ilibadilika kutoka macho hadi vipimo: valvu mbovu aliiona kwa macho, transista mbovu ilimbidi aipime. Kumbukumbu za kompyuta nazo zilikuwa zimehamia kwenye vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya kama shanga, mara nyingi kwa mikono ya wanawake, kila kipete kikishika moja au sifuri.

Na hapo ndipo Dar es Salaam inaingia. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, Hazina. Ilikuwa aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza, ingawa asili yake ilikuwa Marekani, mashine ya RCA modeli 301 iliyopewa jina jipya. Ilikuwa mashine ya transista. Nchi ilikuwa na miaka minne ya uhuru, na swichi ya kwanza ya kukokotoa kwa umeme iliyowekwa katika ofisi zake ilikuwa swichi ya kizazi cha pili. Valvu zilikuwapo Dar, tena nyingi, lakini zilikuwa ndani ya redio. Zilitupigia taarabu na taarifa ya habari, hazikutufanyia hesabu. Mwaka huohuo wa 1965 Gordon Moore alichapisha makala yake huko Marekani, akikadiria kwamba idadi ya vifaa vinavyoingia katika chipu moja ingekuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka, kadirio alilolirekebisha mwaka 1975 kuwa kila miaka miwili. Yaani Hazina ilipokuwa ikiupokea ukoo wa transista mojamoja, wenye ukoo huo walikuwa wameshaanza kuhesabu ni ngapi zitaingia katika kipande kimoja.

Kipande hicho ndicho saketi jumuishi, ambacho mafundi wetu hukiita aisii. Jack Kilby alikionyesha Septemba 1958, na Robert Noyce akapata mwaka 1959 njia nzuri zaidi ya kukitengeneza. Vitabu huitaja IBM System/360 ya mwaka 1964 kuwa mfano mkuu wa kizazi cha tatu, na hapa napenda kuvisahihisha: ndani ya mashine hizo mlikuwa na vigae vidogo vya kauri vilivyobandikwa transista mojamoja, si saketi jumuishi kamili. Ilichokileta System/360 ni kitu kingine ambacho wanafunzi wangu wanakielewa upesi, nacho ni udugu. Kabla yake, taasisi ikinunua mashine kubwa zaidi ilibidi iandike programu zake upya tangu mwanzo. IBM ilitangaza kwa siku moja, tarehe 7 Aprili 1964, familia nzima ya mashine, ndogo kwa kubwa, ambazo programu ya mdogo ingeeleweka kwa mkubwa. Kwa hiyo mpaka kati ya kizazi cha pili na cha tatu haukukatwa kwa kisu kama jedwali linavyoonyesha.

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na runinga, isipokuwa kwa kibali. Ulikuwa wakati mgumu. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda sana tangu mwisho wa 1973, ukame ulikuwa umeharibu mavuno, na fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabiwa. Sioni aibu kusema kwamba naielewa hofu ya kununua kwa dola mashine ambayo hakuna fundi wa hapa anayeweza kuifungua. Hata hivyo, saa ya katazo hilo ilikuwa mbaya kupita kiasi, na gharama yake tuliilipa sisi tuliozaliwa miaka ile. Novemba 1971 kampuni ya Intel ilikuwa imeanza kuuza chipu ya 4004, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya vikokotoo vya kampuni ya Kijapani ya Busicom, ambayo ndani yake kulikuwa na transista 2,300 na kinu kizima cha kompyuta, yaani mikroprosesa. Altair 8800 ilitoka 1975, Apple II ikatoka 1977, na kompyuta ya mezani ya IBM ikatangazwa Agosti 1981. Katika miaka ileile ambayo kompyuta iliacha kuwa mali ya wizara na kuanza kuwa kitu ambacho kijana angeweza kukifungua mezani kwake kwa bisibisi, sisi tulihitaji kibali. Katazo lilikuja kulegezwa biashara ilipofunguliwa, na runinga nazo zikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994. Baba alitengeneza ya kwanza akiwa na miaka ya kutosha kuwa babu.

Shule niliyosoma ilipokea kompyuta tano za msaada wakati nikiwa kidato cha tatu. Ziliwekwa katika chumba chenye mlango wa nondo, zikafunikwa vitambaa vya kutarizi, na ufunguo ukawa kwa mtu mmoja. Mwalimu wetu, ambaye naye hakupewa ufunguo, alituchorea kibodi ubaoni kwa chaki, herufi kwa herufi, na sisi tukaichora kwenye kurasa mbili za katikati ya daftari ili itoshe vidole. Nilijifunza kuandika jina langu kwa kugonga karatasi. Vizazi vitano nilivikariri nikiwa nasoma kupitia nondo za dirisha kitu kilichofunikwa kitambaa, na nikafaulu swali hilo kwa alama zote. Niliposoma baadaye kuhusu wale wanawake sita na michoro yao, nililia, kwa sababu wao walipewa kibali hatimaye wakaingia ndani. Mimi niligusa kompyuta kwa mara ya kwanza baada ya kumaliza shule, kwenye steshenari ya mtaani, kwa kulipia kwa saa.

Kilichofuata kila mtu wa Dar anakijua. Kompyuta za mtumba zilishuka bandarini, Kariakoo ikajaa makasha meupe yaliyogeuka manjano, intaneti kafe zikafunguliwa na kufungwa, kisha simu ikazimeza zote. Vodacom ilianza M-Pesa hapa nchini mwaka 2008, mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ukawashwa mwaka 2009, na kwa watu wengi wa jiji hili kompyuta ya kwanza kumiliki ilikuwa kiswaswadu, ambacho ndani yake kina mikroprosesa yenye nguvu kuliko mashine yote ya Hazina ya 1965, ingawa hakuna aliyeiita kompyuta.

Kuhusu kizazi cha tano nitakuwa mfupi, kwa sababu nadhani jedwali hapo limebadilisha kipimo katikati ya safari. Jina hilo lilivuma kutokana na mradi ambao Japani iliuanzisha mwaka 1982, wa kujenga kwa miaka kumi mashine zinazofikiri kwa kanuni za mantiki. Matarajio yalikuwa makubwa na mradi haukuyafikia. Akili mnemba tunayoiona leo ilikuja kwa njia nyingine, kwa mifumo inayojifunza kutokana na data nyingi mno. Lakini ukiufungua mtambo wake unakuta swichi ileile ya 1947, transista, iliyosinyaa na kuongezeka. Chipu ya M1 ya Apple, ya mwaka 2020, ina transista bilioni 16. Vizazi vinne vya kwanza vinahesabiwa kwa swichi, na cha tano kinahesabiwa kwa kazi inayofanywa. Mwanafunzi akiniuliza kizazi cha sita ni kipi, namwambia anieleze kwanza anahesabu nini.

Yote haya yalinikaa sawasawa siku kompyuta yangu mpakato ilipozimika na kukataa kuwaka, nikaipeleka kwa fundi mmoja kijana ndani ya jengo la simu Kariakoo. Aliifungua, akaitoa mazabodi, akaiweka chini ya hadubini, akaniambia, "Njoo uone mwenyewe, Mwalimu." Karibu na prosesa kulikuwa na mstari wa vipande vyeusi, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mahindi, na kimoja kilikuwa na doa la kahawia na kitundu chembamba katikati. "Hiyo mosfeti imepiga shoti," alisema. Mosfeti ni transista, inayosimama peke yake, ambayo kazi yake ni kusaidia kuushusha umeme wa chaja wa volti 19 hadi kufikia volti moja hivi ambayo prosesa inaweza kuivumilia. Pembeni yake kulikuwa na aisii ndogo ya miguu mingi inayoziongoza, kizazi cha tatu, na mbele yake mikroprosesa yenye transista zaidi ya bilioni moja, kizazi cha nne, nzima kabisa, iliyolala kwa sababu transista moja ya nje imekufa. Vizazi vitatu vilikuwa juu ya kibao kimoja na vyote vilikuwa kazini. Fundi alipaka mafuta ya kuchomea, akaelekeza hewa ya moto, akaking'oa kipande kwa kibano, akachukua kingine kutoka kwenye mazabodi chakavu iliyokuwa kwenye ndoo chini ya meza. Feni ilizunguka. Nilimwomba anipe ile iliyoungua, akaitia kwenye kiberiti kitupu.

Kiberiti hicho nilikipitisha darasani juma lililopita, kila mtu akaangalia kwa tochi ya simu yake, kisha nikampa binti wa Manzese jibu lake mbele ya wenzake. Alichukua rula akaongeza safu ya nne kwenye jedwali, akaiandika juu "Dar es Salaam". Kwenye kisanduku cha kizazi cha kwanza alichora mstari mfupi. Kwenye cha pili aliandika "1965, Hazina". Alipofika kwenye cha nne alisita, akaangalia nyuma alikokaa mzee mmoja, karani mstaafu, anayekuja kujifunza ili aweze kuandikiana na wajukuu wake.

"Babu, wewe uliiona lini?"

"Ya mezani?" Mzee alifikiri. "Ofisini kwetu iliwekwa moja, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Tulikuwa tunavua viatu mlangoni. Andika 1986, mwanangu."

Aliandika 1986 kwa penseli, kisha akamwuliza kama na yeye aliruhusiwa kuingia.

"Niliingia," alisema mzee. "Mimi ndiye niliyekuwa napangusa vumbi."